Warfarini na dawa ya kolesteroli: usihofie ini, chunga damu

Maswali kutoka Mwadui, Kahama na Geita yanafanana: mzee anameza warfarini ya kuyeyusha damu, daktari kamwongezea simvastatini ya kolesteroli, jirani kamwambia dawa hizo zikikutana "zinaunguza ini".

Haziunguzi. Statini, kundi la dawa lenye simvastatini, hupandisha vimeng'enya vya ini kwa watu wachache, mara nyingi kidogo tu. Ini kuharibika vibaya ni nadra, hata mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2012 iliacha kutaka kila mtumiaji apimwe ini mara kwa mara. Apimwe kabla ya kuanza, basi. Macho yakiwa ya njano au mkojo ukifanana na chai ya rangi, arudi hospitali.

Kasheshe iko kwenye damu. Warfarini yenyewe ilitokana na kuvuja damu: miaka ya 1920, ng'ombe wa Marekani na Kanada walivuja damu hadi kufa baada ya kula malisho makavu yaliyoota ukungu. Profesa Karl Link wa Wisconsin na wenzake waliichambua sumu ile, na katika ukoo wake wakapata warfarini: sumu ya panya mwaka 1948, dawa ya binadamu mwaka 1954. Wauza mitishamba hupenda kulitaja hilo la panya, dozi hawaitaji.

Warfarini huzuia vitamini K iliyokwisha kutumika isirudishwe kazini, na ini likiikosa hutoa protini za kugandisha damu zilizo butu. Zile nzima za awali bado zinazunguka. Moja hupungua nusu kwa saa kama sita, nyingine kwa siku mbili hadi tatu. Ndiyo maana dozi ikibadilishwa leo, jibu kamili halionekani kesho. Kisha ini hilohilo huivunja warfarini, hasa kwa kimeng'enya CYP2C9. Fluvastatini hukizuia, simvastatini na rosuvastatini nazo zinaweza kuongeza makali ya warfarini, wakati atorvastatini kwa kawaida haisumbui. INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, ambayo kwa wengi hulengwa kati ya 2 na 3, inapanda, fizi zinatoka damu, na vipimo vya ini vinarudi safi kabisa!

Ajabu ni kwamba jirani hazitaji Septrin na Flagyl za duka la dawa, ambazo humpandishia mtu INR zaidi kuliko statini. Wala diklofenaki ya mgongo, inayochubua tumbo. Rifampisini ya kifua kikuu, ugonjwa ambao wachimbaji wa madini wanaujua, hufanya kinyume: warfarini inavunjwa haraka, damu inaganda. Nsansa, yaani mboga za majani zilizokaushwa, ikiliwa ghafla kwa wingi nayo huipunguzia warfarini nguvu, kwa vitamini K yake.

Chupa ya "kusafisha ini" ya mnadani, isiyo na lebo wala kipimo, sina subira nayo. Muuzaji hajui kilichomo, na INR hajawahi kuisikia.

Kwa haraka: statini ikianza au ikibadilishwa, pima INR ndani ya siku chache. Gongo acha. Warfarini usiiache mwenyewe, hasa mwenye vali ya bandia ya chuma moyoni. Damu ikiganda pale, vali hukwama.