Tezi ya Thairoidi, Ukinzani wa Insulini na Kiwango cha IGF-1: Mazingatio kwa Utafiti wa Unguja

Makala haya yanafafanua namna matatizo ya tezi ya thairoidi yanavyoathiri utendaji wa insulini na kiwango cha IGF-1, yaani kichocheo cha ukuaji kifananacho na insulini, na kwa nini mtafiti wa kisukari au udumavu kisiwani Unguja hapaswi kuiacha tezi hiyo nje ya vipimo vyake.

Imezoeleka kudhaniwa kwamba mkaazi wa kisiwani, mla samaki, hapungukiwi madini joto, ambayo tezi huyahitaji ili kutengeneza homoni zake. Utafiti wa Assey na wenzake uliochapishwa mwaka 2006 uliipinga dhana hiyo. Rovu lilionekana kwa asilimia 21.3 ya watoto wa shule waliochunguzwa Unguja, na asilimia 32.0 Pemba. Kiwango cha kati cha madini joto katika mkojo kilikuwa mikrogramu 185.7 kwa lita Unguja, kiwango kinachotosha, na 53.4 tu Pemba. Hata hivyo, kiwango cha kati huieleza jamii, si mtu mmoja mmoja: Unguja kwenyewe, chumvi yenye madini joto ilipatikana katika asilimia 63.5 tu ya kaya. Chumvi ya bahari iliyoanikwa juani huwa na madini hayo kidogo mno yasipoongezwa. (Mwani wa Paje na Jambiani unayo, lakini hulimwa kwa ajili ya kuuzwa nje, si kwa chungu cha nyumbani.)

Tezi inapozidisha homoni, ini hutengeneza glukosi kwa wingi hata wakati wa mfungo, na insulini huondolewa damuni upesi. Ukinzani hapa ni wa ini zaidi. Tezi inapolegea, misuli ndiyo huwa mizito kuitikia insulini, ilhali ini hutoa glukosi kidogo. Sukari ya asubuhi yaweza basi kuonekana ya kawaida.

Ndiyo maana fahirisi ya HOMA, inayozidisha glukosi na insulini za mfungo na kugawanya kwa 22.5, inahitaji tahadhari. Kwa kutegemea hali ya mfungo, huielezea zaidi hali ya ini na yaweza kuuficha ukinzani wa misuli. Papo hapo, kulegea kwa tezi hupunguza kasi ya kuondolewa kwa insulini damuni, na fahirisi ikapanda bila ukinzani kuongezeka kwa kiasi hicho. Namba moja inapotosha kwa njia mbili zinazopingana. Kuwapima hivyo wagonjwa wa kisukari wa Mnazi Mmoja bila TSH ni kukusanya takwimu zisizofasirika.

IGF-1 huzalishwa hasa na ini kwa amri ya homoni ya ukuaji, na homoni za thairoidi huhitajika katika utoaji wa amri hiyo na katika kuitikiwa kwake. Zimmermann na wenzake (2007) walionesha kwamba kuwapa madini joto watoto wenye upungufu kulipandisha IGF-1 Morocco, Albania na Afrika Kusini. Urefu kwa umri uliboreka katika nchi mbili za mwanzo, ambako upungufu ulikuwa mkubwa zaidi. Lakini utapiamlo nao huishusha IGF-1. Kwa mtoto mfupi wa Unguja, IGF-1 ndogo pekee haitofautishi njaa na tezi. Kila mshiriki apimwe TSH na T4 huru, na madini joto ya mkojo yachambuliwe kwa makundi ya shehia.