Moto Usitangulie Hesabu

Apitaye katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa baada ya sala ya alfajiri, wakati milango ya nakshi ingali imefungwa na mabaraza hayajapata wakaaji, huona kuwa mji huu huamkia puani kabla haujaamkia masikioni. Kwani kelele za tuktuk na pikipiki hutanguliwa na harufu ya iliki iliyotiwa katika mahamri, na ya tui linalotokota na mbaazi, na ya mkaa unaoshika moto katika seredani uani. Nyuma ya milango hiyo wanawake wa pwani wamepika kwa ajili ya kuuza tangu zamani za bibi zao, wakawatuma watoto mitaani na masinia ya vitumbua yaliyofunikwa kawa, ilhali muuza kahawa alizunguka na mdila wake akigonganisha vikombe ili walioketi barazani wajue kuwa amefika. Katika Dar es Salaam mwanamke awapikiaye wafanyakazi amepewa jina la mama ntilie, lililotokana na kauli ya mteja mwenye njaa anyooshaye sahani na kumwomba mama amtilie. Basi anayedhani kuwa kupika nyumbani na kumfikishia mlaji chakula mahali alipo ni tijara iliyozaliwa jana amesahau alivyolelewa.

Kilichozaliwa jana ni masafa. Zamani biashara ya nyumbani ilikomea pale miguu ya mtoto ilipochoka. Lakini tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi mwaka 2007 na kuvuka kwenda Tanzania mwaka uliofuata, na tangu bodaboda zilipoenea mijini, na simu ya mkononi ikawa ndiyo baraza la watu kuulizana habari, mpishi aliyeko Kisauni aweza kumlisha karani aliyeko Kilindini bila wawili hao kuonana kwa macho, na malipo yakafika kabla ya chakula. Wepesi huu umewavuta wengi, hususan akina mama na vijana wasio na ajira, nao huanza kwa furaha. Walakini si haba miongoni mwao ambao baada ya miezi michache hujikuta mfuko mtupu, wasijue fedha zilitoka kwa mlango gani, maana chakula kilisifiwa na wateja hawakukosekana. Ukichunguza utaona kuwa rasilmali, au mtaji kama wengi wasemavyo leo, haikufa kwa udogo wake. Ilivuja, na aghalabu huvuja mahali patatu, yaani katika kiporo, katika mkopo, na njiani.

Lakini kabla ya kuzungumza juu ya kuvuja, natutazame kwanza kinachohitajiwa, kwa sababu wengi hukopa fedha za kununulia vitu ambavyo tayari wanavyo. Nyumba ya kawaida haikosi sufuria mbili tatu kubwa, mwiko, mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu cha kuchujia tui, kisu kikali na jiko, liwe la mkaa au la gesi; na hizo ndizo zana za kuanzia. Friji, tanuri na meza ya bati zitafuata zitakapolipiwa na biashara yenyewe. Mizani ndogo, hata hivyo, hainunuliwi baadaye: pasipo mizani sahani ya Jumatatu hujaa na ya Jumanne hupunguka, naye mteja, ambaye hatasema neno, hukumbuka ile iliyopunguka. Mama zetu walipima mchele kwa kibaba, wakajua vibaba vinne ni pishi moja na pishi moja ni midomo mingapi. Maarifa hayo ndiyo tunayoyatafuta leo kwa gramu.

Kisha yachaguliwe mapishi machache. Mwenye mtaji mdogo aandikaye orodha ya vyakula kumi na viwili hulazimika kuweka akiba ya vitu arubaini, na nusu ya vitu hivyo huoza vikimngojea mteja asiyekuja. Ilhali yule apikaye pilau siku ya Ijumaa, wali wa nazi na samaki wa kupaka siku mbili nyingine, na sambusa kila siku, hununua vitunguu, mchele na viungo vilevile, akavinunua kwa wingi na kwa nafuu. Mwezi wa Ramadhani mambo huwa mapana zaidi, kwa kuwa nyumba nyingi huagiza sambusa mbichi zilizokwisha kufungwa na kugandishwa, wazikaange wenyewe magharibi ikikaribia. Na wako wanawake ambao hawauzi sambusa kabisa, bali manda zake tu, na mwezi mmoja huo huwalipia mengi.

Sasa tuchukue mfano, ambao haukusudii bei za sokoni leo, maana bei ni kama maji ya bahari hupanda na kushuka, bali unakusudia njia ya kuhesabu. Tuseme mama mmoja wa Mombasa amepika sahani 20 za pilau. Mchele, nyama, vitunguu, mafuta na viungo vimemgharimu shilingi 2,600, mkaa 150, vyombo vya kufungia 300, usafiri 350, na ijara ya kazi yake mwenyewe, ambayo wengi huisahau kama kwamba mikono yao haina thamani, ameiweka 600. Jumla ni shilingi 4,000, yaani kila sahani imemsimamia 200. Akiuza kwa 250 atapata 5,000, na faida yake itakuwa 1,000. Hesabu hii ni nyepesi hata kwa mtoto wa shule, lakini ndani yake umo mtego: zikibaki sahani 4 tu bila mnunuzi, fedha zote zitakazoingia ni 4,000, na faida ya siku nzima imetoweka. Sahani nne katika ishirini! Hapo ndipo mtu husifiwa mtaa mzima kwa pilau yake na huku anafilisika.

Huo ndio mlango wa kwanza, kiporo, na dawa yake ni kuutanguliza mdomo mbele ya moto. Mwenye hoteli hana budi kupika akingoja, kwa kuwa hajui nani ataingia. Mpishi wa nyumbani ana hidaya ambayo mwenye hoteli hana, nayo ni kwamba aweza kuuliza. Atangaze usiku kwa wateja wake, katika kundi la WhatsApp au kwa ujumbe wa simu, kesho kuna nini na bei gani. Aweke saa ya mwisho ya kuagiza, tuseme saa tatu za usiku. Na alfajiri aende sokoni akiwa na idadi kamili mkononi. Wiki za mwanzo idadi hiyo huenda ikawa sahani sita, naye ataona haya kuwasha jiko kwa ajili ya watu sita. Asione haya, maana sita zilizolipiwa zina heri kuliko ishirini zinazosubiri nasibu.

Mlango wa pili ni mkopo, na huu ni mgumu zaidi kuufunga, kwa sababu anayekopa ni jirani, au wifi, au mwalimu wa watoto, na lugha ya pwani ni laini, haina neno jepesi la kumwambia mtu wako hapana. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na katika biashara ya chakula matanga hayo hukaliwa na mpishi: kitambaa kisicholipiwa chaweza kurudishwa dukani, lakini pilau iliyokwisha kuliwa hairudi. Tadbiri ya busara ni kuiachia kanuni iseme badala ya ulimi, kwa kuandika katika kila tangazo kwamba agizo huhesabiwa kuwa agizo baada ya malipo kufika, au angalau nusu yake. Mteja mwungwana hataudhika. Na amana hiyo ndogo ndiyo itakayonunua mchele wa kesho, hata mpishi akajikuta anaendesha tijara yake kwa fedha za walaji bila kumpigia mkopeshaji hodi.

Mlango wa tatu, njia, umewashinda hata wakubwa. Mwezi wa Desemba mwaka 2023 Jumia, kampuni iliyokuwa na programu, magari na wawekezaji, iliifunga huduma yake ya kupeleka chakula katika nchi zote ilikokuwa ikiitoa, Kenya na Uganda zikiwamo, kwa maelezo kwamba biashara hiyo haikuafikiana na hali ya uchumi iliyokuwapo. Kwa upande mwingine, katika mji wa Bombay, ambao leo huitwa Mumbai, tangu mwaka 1890 wako wachukuzi waitwao dabbawala, wanaokusanya chakula cha mchana majumbani na kuwapelekea wenye kazi maofisini kwa baiskeli, kwa mikokoteni na kwa gari la moshi. Hadi miaka ya kabla ya Uviko walikadiriwa kuwa kama 5,000, wakibeba vyombo vipatavyo laki mbili kila siku ya kazi, nao badala ya kompyuta walikuwa na alama za rangi, herufi na tarakimu zilizochorwa juu ya vifuniko. Siri yao ni kwamba hakuna mtu anayesafirishiwa chombo kimoja peke yake: vya mtaa mmoja huondoka pamoja, vya jengo moja hufika pamoja, kwa saa isiyobadilika.

Turudi kwa mama yetu na sahani zake 20. Katika hesabu ile tuliweka shilingi 350 za usafiri, kwa kudhania kuwa bodaboda mmoja amebeba sahani zote kwa safari moja hadi majengo mawili yaliyo jirani. Lau angemtuma kwa kila mteja peke yake kwa shilingi 50, usafiri ungekuwa 1,000, na faida ya 1,000 ingeshuka hadi 350. Kwa hiyo mteja wa kwanza asitafutwe popote duniani. Atafutwe palipo na wenzake, kama vile ofisi moja, gereji moja, benki moja, au walimu wa skuli moja, na kila sahani ya pili iongezwe karibu na ya kwanza. Anayeishi mbali na njia hiyo aambiwe kwa staha kuwa nauli ni juu yake.

Iko hasara moja kubwa kupita hizi tatu, nayo ni kumdhuru mlaji. Wali, ambao watu huuona kuwa chakula salama, una hatari yake: katika mchele mkavu huweza kuwamo mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, zinazostahimili mchemko, na wali ukiachwa uvuguvugu kwa saa nyingi bakteria huzaana na kutoa sumu ambayo kupasha moto tena hakuiondoi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida la chumba, bali kihifadhiwe kikiwa moto wa zaidi ya nyuzi 60 au baridi ya chini ya nyuzi 5 za Selsiasi. Kwa joto la pwani, na kwa mapishi ya nazi yachachayo upesi, maana yake ni kupika karibu na saa ya kupeleka, kufunga chakula kingali moto, na kutenga kisu na ubao wa nyama mbichi na vile vya kachumbari. Sheria nayo ina haki yake: Kenya ashikaye chakula cha kuuza hutakiwa kuwa na cheti cha uchunguzi wa afya kinachofanywa upya kila miezi sita, pamoja na kibali cha biashara cha kaunti, Tanzania Bara usalama wa chakula umo mikononi mwa Shirika la Viwango tangu mwaka 2019, na Zanzibar ina wakala wake wa chakula na dawa. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo anayeanza leo afikirie karatasi, au vyombo vya kurudishwa kwa wateja wa kila siku.

Limebaki jambo la ndani ya nyumba, ambalo watu hulinong'ona kuliko kulisema. Mama atoapo sambusa kumi kwa watoto, na baba achotapo shilingi mia mbili za sigara katika kopo la mauzo, na mgeni akaribishwapo kwa samaki wa mteja, hapana aliyeiba. Lakini chovya chovya yamaliza buyu la asali. Insafu ni kuitenga riziki ya nyumba na mali ya biashara kwa makopo mawili au namba mbili za simu, na kuandika katika daftari kila kiingiacho na kila kitokacho, hata kile kilicholiwa na wenyewe, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Mpishi ajilipe ijara yake kila wiki, kisha watoto wanunuliwe sambusa kwa ijara hiyo kama watu wengine.

Anayetaka kujua hali ya biashara yake baada ya mwezi na aitazame sufuria baada ya sala ya adhuhuri. Akikuta wali umejaa nusu, hata kama simu yake imejaa sifa, arudi kwenye hesabu kabla hajarudi sokoni. Akikuta ukoko mtupu, na watoto wamekwisha kuuzunguka na vijiko wakigombania upande uliokauka zaidi, basi awaachie. Ukoko haumo katika daftari.