Ghairi, Ndiyo na Saa Sita: Kiswahili cha Kiolesura

Kiolesura ni sehemu ya programu au mashine ambayo mtumiaji huiona na kuigusa: vitufe, menyu, visanduku vya kujazia na ujumbe unaojitokeza kwenye skrini. Katika kata ya Shirimatunda, mjini Moshi, kama kwingineko nchini Tanzania, kiolesura cha kila siku ni cha simu ya mkononi. Kwa simu hiyo mtu hutuma fedha, hununua umeme wa LUKU na hukata tiketi ya basi. Neno moja lililochaguliwa vibaya hapo huweza kumgharimu fedha au safari.

Anayekosea mbele ya skrini aghalabu hujilaumu mwenyewe: “Simu hizi mimi siziwezi.” Donald Norman, katika kitabu chake The Psychology of Everyday Things (1988), aliikataa lawama hiyo. Mlango unaowafanya watu wausukume ilhali hufunguka kwa kuvutwa una kasoro ya usanifu. Wapitaji hawana kosa. Naye Jakob Nielsen, katika kanuni zake 10 za mwaka 1994, alisisitiza kwamba mfumo useme lugha ya watumiaji wake. Kwa mfasiri wa Kiswahili, kanuni hiyo inadai zaidi ya kubadilisha neno kwa neno, kama inavyoonyesha mifano mitatu ifuatayo.

1. Ghairi, sitisha, futa, tendua

Vitenzi hivi hukaribiana kimaana lakini havilingani. Kughairi ni kuiacha nia kabla ya kuitimiza: amekusudia kusafiri, kisha ameghairi. Kusitisha ni kukomesha jambo ambalo tayari linaendelea. Kufuta ni kuondoa kilichopo, kama maandishi ubaoni. Kutendua ni kukirudisha kilichotendwa katika hali yake ya awali. Umbo lake linafuata kauli ya kutendua inayoonekana katika jozi kama funga na fungua, ziba na zibua.

Chukulia kwamba mtu yuko dukani kwa wakala, ameanza kutuma fedha, na skrini inamuuliza: “Je, unataka kughairi muamala?” Chini yake pana vitufe viwili, “Ghairi” na “Sawa”. Je, “Ghairi” hapa inaughairi muamala, au inaghairi huko kughairi kwenyewe? Tafsiri zote mbili zinawezekana, na mtumiaji hana njia ya kujua ipi iliyokusudiwa. Dawa ni kukipa kila kitufe kitenzi kinachotaja matokeo yake: “Acha kutuma” na “Endelea kutuma”.

2. Ndiyo baada ya swali la ukanushi

Katika Kiswahili cha mazoea, ndiyo huthibitisha kauli iliyomo ndani ya swali, hata kama kauli hiyo ni ya kukanusha. Anayeulizwa “Hujala?” hujibu “Ndiyo, sijala.” Kiingereza huenda kinyume: asiyekula hujibu kwa neno la kukana. Aidha, wako wasemaji wa Kiswahili, hasa waliozoea Kiingereza, wanaojibu “Hapana, sijala.” Katika mazungumzo hakuna madhara, kwa kuwa kitenzi kinachofuata huondoa utata.

Kitufe hakina kitenzi cha kufuata. Skrini ikiuliza “Hutaki kuhifadhi mabadiliko?” na kutoa “Ndiyo” na “Hapana” tu, watumiaji wawili wenye nia moja wanaweza kubonyeza vitufe tofauti, na mmoja wao akapoteza kazi yake. Kwa hiyo swali la skrini na liwe la uyakinishi: “Uhifadhi mabadiliko?” Bora zaidi, vitufe vyenyewe viseme “Hifadhi” na “Usihifadhi”.

3. Saa sita ya nani?

Saa ya Kiswahili huhesabiwa tangu kucha na tangu kuchwa. Karibu na ikweta, ilivyo Moshi, jua huchomoza karibu na wakati uleule mwaka mzima, hivyo hesabu hiyo haiyumbi. Msomaji akiona tarakimu 06:00 pekee kwenye tiketi, kwa mazoea huzisoma “saa kumi na mbili asubuhi”.

Utata huanza pale programu inapotanguliza neno “saa” bila kubadilisha hesabu: “Basi litaondoka saa 6:00 asubuhi.” Kwa Kiswahili wakati huo haupo, saa sita ni ya mchana au ya usiku. Msafiri wa kwenda Dar es Salaam atakayeliamini neno “saa” kuliko neno “asubuhi” atafika stendi mchana, basi likiwa limeondoka saa sita zilizopita. Mfasiri achague mfumo mmoja: ama “saa 12:00 asubuhi”, ama “06:00” bila neno “saa”. Mifumo hii miwili isichanganywe katika sentensi moja.

Muhtasari kwa mfasiri na mwalimu

Usanifu mwema mara nyingi hauonekani. Tokeni ya LUKU ina tarakimu 20. Zikiandikwa nne nne, jicho hujua lilipofika na kidole hakipotei. Maneno nayo yafanye kazi hiyohiyo. Kitufe kitaje tendo, swali liepuke ukanushi, saa ifuate hesabu moja. Zoezi linalofaa darasani ni kumpa mwanafunzi vitufe peke yake, swali likiwa limefichwa, kisha kumtaka aeleze kila kimoja kitafanya nini. Akishindwa, kinachopaswa kusahihishwa ni maandishi ya kitufe.