Kwa Nini Bomba la Moshi Huoza Upesi Pwani?

Gari linaloshinda Bagamoyo na gari linaloshinda Dodoma huweza kuwa la aina moja, la umri mmoja na lenye kutunzwa sawasawa. Hata hivyo, ukiinama na kutazama chini yake, aghalabu utaona tofauti. Bomba la moshi la gari la Dodoma huweza kuwa na kutu ya juu juu tu, na chuma chake bado ni kigumu. La Bagamoyo huweza kutoboka kwa kugongwa kidogo na bisibisi. Je, ni nini kinachokula chuma hicho? Na mwenye gari atakapobadili bomba, achague lipi?

Kazi ya mkia wa bomba

Bomba la moshi, ambalo mafundi wetu huliita ekzosi, huanzia kwenye injini, hupita katika sailensa, yaani kopo linalopunguza kishindo, na huishia katika mkia unaotokeza nyuma ya gari. Watu wengi huuona mkia huo kuwa pambo tu. Sivyo hata kidogo.

Moshi wa injini, hasa ya petroli, una gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni hushikana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Kwa hiyo damu hushindwa kubeba oksijeni ya kutosha. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha husinzia. Akiendelea kuivuta huweza kufa bila kujua kilichompata.

Kazi ya mkia ni kuipeleka gesi hiyo hadi nje kabisa ya bodi ya gari. Mkia ukioza na kukatika chini ya buti, moshi hutokea chini ya sakafu na kupenya katika matundu yaliyotobolewa na kutu hiyo hiyo. Hatari huongezeka gari linaposimama kwenye foleni huku injini ikinguruma na vioo vimefungwa. Kwa sababu hiyo, kelele ya bomba lililotoboka ni onyo: sauti inapotokea mahali isipopasa, gesi nayo hutokea hapo.

Maji yazaliwayo na moto

Kutu huhitaji chuma, oksijeni na maji. Msomaji atauliza: maji hufikaje ndani ya bomba la moto? Jibu ni kwamba hutengenezwa na moto wenyewe. Tuchukue oktani, mojawapo ya kampaundi zilizomo katika petroli:

2C8H18 + 25O2 → 16CO2 + 18H2O

Ukikokotoa utaona kwamba gramu 114 za oktani hutoa gramu 162 za maji. Maana yake ni kwamba kila lita moja ya petroli inapoungua huzaa takriban lita moja ya maji! Injini ikiwa imepata moto sawasawa, maji hayo hutoka yakiwa mvuke. Lakini joto la bomba likiwa chini ya nyuzi 50 hivi za Selsiasi, sehemu ya mvuke hugeuka matone. Mkia na sailensa viko mbali na injini, hivyo huchelewa kupata joto. Maji hutuama humo. Gari linalokwenda safari fupi tu, kama vile kutoka nyumbani hadi sokoni na kurudi, huzimwa kabla bomba halijakauka. Ndiyo sababu gari lisilosafiri mbali huweza kuozewa bomba mapema kuliko lile la safari ndefu.

Salfa iliyomo katika mafuta huungua pia na kutoa gesi zinazogeuza maji hayo kuwa asidi. Hali hii imepungua: mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia kiwango cha dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni.

Chumvi iletwayo na upepo

Hayo ya ndani hutokea Dodoma na Bagamoyo pia. Tofauti iko nje ya bomba. Kilo moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Mawimbi yanapopasuka hurusha matone madogo sana, na upepo huyachukua hadi nchi kavu. Vipimo vilivyofanywa pwani ya Nigeria katika miaka ya 1950 vilionyesha kwamba chuma kilicho karibu na mawimbi huliwa upesi sana, na kwamba kasi hiyo hupungua sana kadiri mtu anavyokwenda bara.

Chumvi yenyewe hainywi chuma kama asidi. Hufanya mambo mawili. Kwanza, huvuta unyevu: chumvi safi ya mezani huanza kuyeyuka kwa maji ya hewani unyevu ufikapo asilimia 75 hivi, kiwango kinachopitwa mara nyingi katika asubuhi za pwani. Chumvi ya bahari ina pia magnesi, ambayo huvuta unyevu hata hewa ikiwa kavu zaidi. Pili, kutu ni tendo la umeme. Mahali pamoja chuma hupoteza elektroni. Mahali pengine oksijeni na maji huzipokea. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji baridi, basi tendo zima huharakishwa. Kutu inayofanyika ni laini na yenye vitundu, nayo hushika chumvi na unyevu kama sifongo.

Kuchagua bomba jipya

Mabomba ya kubadili hutengenezwa kwa madini mbalimbali. Chuma cha kawaida ni rahisi kupatikana na kuchomelea, lakini huoza mapema. Chuma kilichopakwa alumini hudumu zaidi, kwa kuwa alumini hufanya utando mgumu wa oksaidi. Chuma kisichopata kutu, kilichoanza kutengenezwa na Harry Brearley mjini Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, kina kromi isiyopungua asilimia 10.5. Hicho nacho huweza kuliwa vitundu na chumvi. Kukioshwa kwa maji baridi hudumu. Bomba la maji lililopakwa zinki halifai: zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419, na moshi wake wakati wa kuchomelea humletea fundi homa.

Je, bomba pana huongeza nguvu? Huko Marekani wapenzi wa magari ya kale yenye injini kubwa, kama Pontiac GTO ya mwaka 1964 yenye injini ya lita 6.4, hununua mikia mipya iliyo mipana. Kutoka kipenyo cha milimita 50 hadi 60, eneo la njia huongezeka kwa asilimia 44. Injini kubwa kama hiyo husukuma moshi mwingi, hivyo hufaidika. Gari dogo la lita 1.5 aghalabu hupata kelele tu.

Lililo muhimu zaidi ni kona. Bomba likikunjwa vibaya hubonyea na kuziba njia. Njia ya zamani ya mafundi ni kulijaza mchanga, kulipasha moto na kulikunja polepole. Mchanga hulizuia lisibonyee. Lakini mchanga wa ufukweni una chumvi. Sharti uoshwe kwanza. Tena lazima ukaushwe kabisa, kwani maji yaliyofungiwa ndani hugeuka mvuke na huweza kulipasua bomba usoni pa fundi.

Zoezi la darasani

Chukua misumari minne ya namna moja, isuguliwe kwa msasa na ipimwe uzito. Wa kwanza uwekwe mahali pakavu ndani ya chupa iliyofungwa. Wa pili uzamishwe wote katika maji ya bahari. Wa tatu uloweshwe kila asubuhi kwa maji ya kisima, kisha uachwe hewani. Wa nne uloweshwe vivyo hivyo kwa maji ya bahari. Baada ya wiki nne isuguliwe kutu na ipimwe tena. Wanafunzi walinganishe hasa wa pili na wa nne, waeleze sababu ya tofauti, kisha watoke nje wakalitazame bomba la gari lililo karibu.