Theluji ya Milimani na Riziki ya Waja

Katika neema za Mwenyezi Mungu Mtukufu ambazo wengi wetu hatujaziona kwa macho ni theluji. Ndugu zetu wa Pakistani hunywesha mashamba yao kwa Mto Indus, na sehemu kubwa ya maji yake hutoka katika theluji na barafu ya milima ya Himalaya na Karakoram. Theluji huanguka wakati wa baridi, ikakaa juu kama akiba ghalani. Lijapo joto huyeyuka, ikateremkia mashamba ya ngano na mpunga. Ikiwa haba, mkulima hupata shida. Ikiwa nyingi na kuyeyuka kwa haraka, huleta gharika.

Kuipima kwa mkono ni kupanda mlima na kuchomeka fimbo yenye alama. Lakini milima ni mingi, wapimaji ni wachache, na theluji huporomoka ikafukia watu.

Mwaka 2014 nchi za Ulaya zilirusha setilaiti ya kwanza ya Sentinel-1. Kutoka kilomita 700 hivi juu ya ardhi, hupeleka chini mawimbi ya rada ambayo hayazuiwi na mawingu wala giza. Mawimbi hayo hupenya theluji kavu, yakagonga chembe zake, na baadhi yake hurudi yakiwa yamegeuzwa mtikisiko wake. Kina kikizidi, yaliyogeuzwa nayo huzidi; hapo ndipo hesabu hupatikana. Mwaka 2019 wataalamu wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwa njia hii vipimo vya milima ya kaskazini ya dunia.

Hata hivyo, ilimu hii ina mipaka. Theluji ikilowa, maji humeza mawimbi. Na misitu huyavuruga. Tena kina si maji: sentimita 10 za theluji mpya huweza kutoa sentimita 1 tu ya maji. Kwa hiyo fimbo ya mpimaji haijatupwa.

Huenda mtu akauliza: Ya nini kupima yaliyo katika kudra ya Mungu? Jawabu ni kwamba Yeye ateremshaye maji kwa kadiri ndiye aliyetupa akili ya kukadiria. Kutawakali si kukaa kitako. Ajuaye mapema huweza kuweka akiba bwawani na kuhadharisha vijiji. Basi enyi vijana, msiidharau hisabati. Huenda ikawa sababu ya kuokoa roho za watu.

Wabillahi taufiki.