Bili ya maji ikipanda: tuitazame mita kabla ya kumtuhumu mtu
Kuanzia Ifakara, kwenye bonde la Mto Kilombero, hadi kwetu Unguja na Pemba, bili ya maji ikipanda ghafla hutuhumiwa jirani au mtumishi wa ndani. Allah ametukataza dhana mbaya. Basi tuanze na mita.

Usiku, tangi likishajaa, tufunge mifereji yote, tuandike namba za mita, kisha tuzisome tena alfajiri kabla ya kutawadha. Zikiwa zimesogea, tufunge koki kuu ya nyumba. Mita ikiendelea kuzunguka, bomba linavuja kati yake na nyumba. Ikisimama, tukague boya la tangi na choo cha kuvuta.

Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa mudi moja, takriban theluthi mbili za lita. Kuacha mvujo tunaoujua ni israfu.

Wallahu a'alam.