Kumpokea Mgeni Wakati wa Taabu

Katika Julai 1994 wakimbizi wengi sana wa Rwanda walivuka mto Ruzizi, wakaingia Bukavu. Kati yao walikuwamo wenye hatia ya damu, na wengi wasio na hatia: wamama, wazee, watoto. Imewapasa wakristu kufanya nini? Tusichanganye mambo mawili. Kuhukumu ni kazi ya mahakama. Kumlisha mwenye njaa ni amri ya Bwana kwetu sote (Matayo 25). Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliwatetea wakimbizi hao, naye akauawa mjini humo tarehe 29 Oktoba 1996. Basi sisi mapadri na makatekista, mgeni akifika katika shirika letu, tuulize kwanza: amekula? atalala wapi? Kabila lake tusiliulize.